Mkesha unagharimu kiasi gani? Enaji, chai na kahawa kwa wanafunzi wa Njombe na Makambako

Makambako ndipo barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapokutana na ile inayoshuka kusini kupitia Njombe hadi Songea. Hapo hapo pana stesheni ya TAZARA. Mji unaishi kwa watu wasiolala: madereva wa malori ya mbao na viazi, makonda, wapiga debe, mama lishe wa stendi na, vyuo vinapofunga au kufungua, wanafunzi wenye mabegi makubwa wanaobadili gari. Ukitaka kujua mteja wa stendi ni nani, tazama kilichopangwa mbele ya duka. Siku hizi ni chupa za plastiki za enaji.

Kinywaji hiki kilianza na watu wa aina hiyo hiyo. Nchini Thailand, katikati ya miaka ya 1970, Chaleo Yoovidhya aliingiza sokoni Krating Daeng, kinywaji kitamu chenye kafeini na taurini kilichopendwa na vibarua na madereva wa malori. Mfanyabiashara wa Austria, Dietrich Mateschitz, alikionja, akavutiwa, wakashirikiana, na mwaka 1987 kikaanza kuuzwa Austria kikiwa na gesi na jina la Red Bull. Mteja akabadilika. Tangazo likaanza kumlenga kijana wa disko, mwanamichezo na mwanafunzi. Baadaye viwanda vya nyumbani navyo vikaliona soko: Mo Xtra ya kampuni ya MeTL na Azam Energy ya Bakhresa zimeteremsha bei hadi mahali ambapo kopo la Red Bull haliwezi kufika. Kwa bei hiyo kinywaji kimemrudia dereva, na mwanafunzi hakikumwacha.

Njombe haijawa mji wa vyuo vikuu kama majirani zake. Kijana wa Makambako aliyepata nafasi ya shahada huenda Iringa, kwenye Mkwawa, Ruaha au Chuo Kikuu cha Iringa, ama hupanda gari la Mbeya kwenda MUST au kampasi ya Mzumbe. Lakini mkoani kuna wanafunzi wengi kuliko wanavyoonekana. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake hapa, na wengi wa wanaosoma kwa utaratibu huo ni watu wazima: mwalimu wa sekondari, muuguzi, karani wa halmashauri, mtu anayefungua daftari saa 3 usiku baada ya watoto kulala. Kuna wanaosoma uuguzi na tiba, kama wale wa Ilembula, ambao zamu ya usiku wodini ni sehemu ya masomo. Na kuna hao wa Iringa na Mbeya wanaorudi nyumbani likizo na tabia walizozipata hosteli. Makala hii ni kwa ajili ya makundi hayo yote matatu, ingawa mfuko wa kila kundi ni tofauti.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Ondoa rangi, harufu ya pipi na picha ya mnyama mkali. Utabaki na maji, sukari na kafeini. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini, gramu 27 za sukari na miligramu 1,000 za taurini. Kopo la Monster la mililita 500 lina miligramu 160 za kafeini. Enaji nyingi duniani hukaa karibu na kiwango hicho, yaani miligramu 30 hadi 32 kwa kila mililita 100. Taurini imezungukwa na uvumi mwingi, ukiwemo ule wa kwamba inatoka kwenye sehemu za siri za fahali. Inayotiwa kwenye kopo hutengenezwa kiwandani, na mwili wa mtu mzima hujitengenezea taurini yake wenyewe. Vitamini za kundi B zilizoandikwa kwa herufi kubwa zina kazi mwilini, ila anayekula maharage, mayai, nyama au dagaa mara kwa mara hapungukiwi sana nazo, na ziada huishia chooni. Kilichobaki cha kulipia ni kafeini na sukari. Vyote viwili vinauzwa Njombe kwa njia nyingine, na hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana.

Chai nyeusi ya kawaida, glasi moja, ina kama miligramu 30 hadi 50 za kafeini kutegemea wingi wa majani na muda wa kuchemsha. Kijiko kimoja cha kahawa ya unga ya kuyeyuka, kama gramu 2, kinatoa miligramu 60 hivi. Kahawa halisi ya kuchemsha inaweza kufika 90 au zaidi kwa kikombe. Coca-Cola ya mililita 330 ina 32 tu. Anayeinywa ili akeshe analipia sukari.

Sasa bei. Duka la stendi Makambako haliuzi sawa na duka la mtaani Njombe, na duka la karibu na hosteli haliuzi sawa na la jumla. Kwa hiyo nitatumia bei za mviringo, nawe uweke za dukani kwako. Mpangilio wa washindi hautabadilika. Tuseme kopo la Red Bull ni shilingi 3,500. Tuseme chupa ya plastiki ya enaji ya mililita 350, yenye miligramu 30 kwa kila mililita 100, ni shilingi 1,000. Chupa hiyo ina miligramu 105. Tuseme soda ya chupa ni 800, glasi ya chai ya rangi kwa mama lishe ni 300, kopo la gramu 50 la kahawa ya kuyeyuka ni 5,000, na pakiti ya gramu 100 ya majani ya chai ni 1,500.

Ukinunua miligramu 100 za kafeini kwa njia ya Red Bull, umelipa takribani shilingi 4,400. Kwa soda, karibu 2,500. Kwa chupa ya plastiki, 950. Kwa chai ya mama lishe, 750, na hapo umekaa kwenye benchi, umepashwa moto na umepata umbea wa mtaa bila malipo ya ziada. Kwa kahawa ya kuyeyuka unayojitengenezea, 330 hivi kabla ya sukari. Kwa chai ya kujipikia, majani yenyewe ni shilingi 75.

Wengine watasema majani si gharama yote. Ni kweli. Kijiko kimoja cha majani, gramu 2, ni shilingi 30. Vijiko viwili vya sukari kwa kilo ya 3,000 ni kama shilingi 25 hadi 30. Kuchemsha lita moja kwa birika la umeme hula kama sehemu ya nane ya uniti, na kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa kama shilingi 350 kwa uniti hiyo ni shilingi 40 na kitu, ambazo unazigawa kwa vikombe vinne. Kikombe kizima hakifiki shilingi 100. Anayetumia mkaa aongeze kidogo, lakini Njombe wakati wa baridi jiko la mkaa lingewashwa hata bila chai. (Lakini jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa madirisha. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini, na hakuna mtihani unaostahili hilo.)

Kwa mwanafunzi wa mkopo, pesa ina kipimo kingine: bumu. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Chukua mwanafunzi anayekunywa chupa moja ya enaji kila siku ya kipindi kwa wiki 15 za muhula. Hizo ni chupa 75, shilingi 75,000, yaani bumu la siku saba na nusu. Akiongeza ya pili katika wiki mbili za mitihani ya mwisho wa muhula (UE), ametumia 14,000 nyingine. Kwa chai ya kujipikia, vikombe 75 havifiki 7,500. Tofauti hiyo inatosha kununua chupa nzuri ya chai, kilo kadhaa za sukari na majani ya mwaka mzima, na chenji ikabaki ya nauli ya Iringa hadi Makambako.

Hata hivyo nisiitukane chupa ya plastiki kwa kuwa ni rahisi. Kuna watu wanaoamini kwamba enaji ya shilingi 1,000 ni sumu na ile ya 3,500 ni salama, kwa sababu moja imetoka Ulaya na nyingine kiwandani kwetu. Kafeini haijui pasipoti. Miligramu 80 zilizo kwenye kopo la kigeni zinafanya kazi ileile. Tofauti kubwa ya kiafya kati ya hizo mbili ni ukubwa wa chombo: chupa ya mililita 350 ina karibu theluthi zaidi ya kafeini, na kama sukari yake ni gramu 11 kwa kila mililita 100, sawa na ya Red Bull, ina gramu 38 na nusu. Hiyo ni karibu vijiko kumi vya chai. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetia vijiko kumi kwenye glasi moja ya chai. Hata wale wazee wanaopenda chai ya kunata huishia vinne au vitano. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na inakuwa bora zaidi ikishuka hadi 25. Chupa mbili za enaji zinakupa 77 kabla hujagusa andazi. Zipo enaji zisizo na sukari, nazo zinatatua tatizo hilo moja; kafeini haipungui, na tindikali inayokula meno inabaki palepale.

Sukari ndiyo nishati pekee ya maana iliyomo kwenye chupa. Kafeini haina nguvu yoyote ya kumpa mtu. Mchana kutwa ubongo unapofanya kazi hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo humwambia mtu kwamba amechoka. Kafeini inakaa kwenye viti vya adenosini na kuizuia isisikike. Uchovu upo, unaendelea kuongezeka, ila taarifa haifiki, kama dereva aliyefunika geji ya mafuta kwa kitambaa na kuendelea kupandisha mlima. Kafeini inapotoka, adenosini iliyokuwa inasubiri inaingia kwa pamoja. Ndiyo maana mtu aliyekuwa macho makali saa 8 usiku anaweza kuanguka kichwa mezani saa 11 alfajiri, ile saa aliyopanga kurudia mada ya mwisho.

Na haitoki haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa takribani saa tano, ingawa watu hutofautiana sana. Anayekunywa kopo la miligramu 160 saa 4 usiku bado ana 80 saa 9 usiku, kiasi cha Red Bull nzima, na saa 2 asubuhi akiingia chumba cha mtihani ana 40, glasi ya chai. Mwaka 2013 watafiti wa Detroit, Marekani, waliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa moja. Kwa hiyo hata yule anayekunywa enaji saa 11 jioni ili "apige msuli kidogo tu halafu alale" anaweza kuwa ameuza sehemu ya usingizi bila kujua.

Usingizi huo ndio bidhaa ghali kuliko zote hapa, na hakuna duka linalouuza. Yaliyosomwa mchana huimarika kwenye kumbukumbu wakati mtu amelala. Kuukata usingizi huo ni kusoma na kufuta. Utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2003, uliwaweka watu wazima wenye afya kwenye usingizi wa saa sita au pungufu kila usiku kwa wiki mbili. Mwishoni uwezo wao wa kuwa makini ulikuwa umeshuka kiasi cha kufanana na wa mtu aliyekesha hadi siku mbili mfululizo. Jambo linalonikera katika matokeo hayo ni kwamba wenyewe hawakuhisi wameharibika kiasi hicho, walijiona wamezoea. Hosteli zetu zimejaa watu waliozoea. Halafu matokeo yanatoka, mtu amekamata sapu tatu, na lawama inamwendea mhadhiri.

Mwalimu wa Njombe anayesoma Chuo Kikuu Huria hana anasa ya kuambiwa alale mapema. Kwake swali ni namna ya kupata saa mbili za akili timamu usiku. Hapo ningemshauri ageuze ratiba: alale na watoto saa 3, aamke saa 10 alfajiri, anywe chai, asome hadi saa 12. Kafeini ile ile inafanya kazi upande sahihi wa usingizi, na inakuwa imepungua sana usiku mwingine unapofika. Wauguzi wanafunzi wa zamu ya usiku nao wanaweza kutumia kafeini kwa busara: mwanzoni mwa zamu, kwa dozi ndogo ndogo, na kuiacha kabisa katika saa za mwisho ili walale wakirudi.

Baridi nayo ina ushawishi wake. Njombe ipo juu, karibu mita 1,900 hadi 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzi hushuka chini ya 10. Mtu anayesoma amejifunika blanketi anatafuta kitu cha kumchangamsha, na anafungua chupa baridi. Hapo hata bila hesabu ya shilingi sioni mantiki. Kafeini na baridi kwa pamoja huongeza safari za haja ndogo, na anayejua vyoo vya nje vya Njombe saa 8 usiku katikati ya Julai anajua ninachosema. Mkoa wenyewe unalima chai, Lupembe, Luponde na Kibena. Jirani Mafinga ndiko Chai Bora inakofungashwa. Ukitaka kahawa, barabara ya kusini inakwenda Songea na kuendelea Mbinga, nchi ya arabika, na kahawa ya kuyeyuka ya TANICA kutoka Bukoba ipo madukani. Kushindwa kukesha kwa kafeini ya nyumbani katika mkoa huu kunahitaji bidii.

Usalama wa wingi una vipimo vinavyojulikana. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilihitimisha mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na hadi 200 kwa mara moja, bila wasiwasi. Dozi hiyo ya 200 ilipigiwa hesabu ya mtu wa kilo 70, miligramu 3 kwa kila kilo. Binti wa kilo 50 kikomo chake kwa mara moja ni 150. Chupa moja ya miligramu 105 na kikombe cha kahawa juu yake tayari vimevuka. Mjamzito asizidi 200 kwa siku nzima, kutoka vyanzo vyote, chai ikiwemo. Dalili za kuzidisha zinafahamika na wengi waliozipata waliziita "presha ya mtihani": mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, tumbo kuchafuka, wasiwasi usio na sababu, usingizi kukataa hata taa ikizimwa.

Kuna jambo moja linaloitofautisha enaji na chai, na si kemia ya ajabu. Chai ya moto hunywewa polepole; enaji baridi yenye sukari hushuka kwa dakika mbili, na ya pili inafuata. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo vijana 34 wenye afya walikunywa karibu lita moja ya enaji ndani ya saa moja. Presha yao ilipanda kwa pointi 4 hadi 5 zaidi ya siku walipokunywa kinywaji bandia, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha moyo kuchukua muda mrefu zaidi kujiandaa kwa pigo linalofuata, hali iliyodumu saa nne baadaye. Kafeini waliyoipata ilikuwa chini ya 400, hivyo watafiti walishuku mchanganyiko wa viambato vingine. Kwa kijana mzima badiliko hilo ni dogo. Kwa mwenye tatizo la moyo ambalo hajaligundua, au aliyezaliwa nalo, si dogo. Anayepata maumivu ya kifua, kuzirai au mapigo ya moyo yasiyotulia baada ya enaji aende hospitali, na amwambie daktari alichokunywa.

Dawa hazitajwi sana, na ndizo ningependa wanafunzi wa kike hasa wazijue. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni hupunguza kasi ya mwili kuiondoa kafeini. Muda unaweza kuwa maradufu. Ile hesabu ya saa tano inakuwa kumi, na kopo la saa 4 usiku linakuwa bado na nusu yake yote saa 2 asubuhi. Siprofloksasini, dawa inayotumika sana kwa UTI, nayo huchelewesha kafeini kutoka. Mtu aliyezoea chupa mbili bila shida anaweza kushangaa kwa nini wiki ya dozi chupa moja inamtetemesha. Na anayetumia vidonge vya kuongeza damu asimezee chai wala kahawa. Vinywaji hivyo huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Hili ni kosa la chai, nami nalitaja ili isionekane nimeipigia debe.

Pombe ni habari nyingine. Kuchanganya Konyagi na enaji kumekuwa kawaida ya sherehe za vijana, na muuzaji anafurahi kuuza viwili kwa pamoja. Kafeini haipunguzi ulevi hata kidogo. Inapunguza hisia ya kulewa, kwa hiyo mtu anaendelea kunywa, anajiona mzima, anashika usukani wa bodaboda. Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia kampuni nne zilizokuwa zikiuza pombe zilizotiwa kafeini, ikisema kafeini hiyo si nyongeza salama, na bidhaa zikaondolewa. Hapa kwetu hazijafungashwa pamoja; vijana wanajichanganyia wenyewe. Katika ulinganisho wa gharama na faida huu ndio uteuzi mbaya kuliko wote, na hauhitaji kikokotoo.

Kwa wanaosafiri, ushauri bora niliowahi kuusoma unatoka kwa watafiti wa usingizi wa Loughborough, Uingereza, waliowapima madereva miaka ya 1990. Walikuta kwamba kikombe cha kahawa kikifuatiwa na usingizi mfupi usiozidi dakika 15 humwamsha dereva kuliko kahawa peke yake au usingizi peke yake, kwa kuwa kafeini huchukua karibu nusu saa kuanza kufanya kazi vizuri. Dereva wa lori akifika Makambako amechoka anaweza kufanya hivyo kwa bei ya kikombe kimoja, mlango wa gari umefungwa. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo saa 9 alasiri, kabla ya diskasheni. Chakula nacho kina kazi yake. Njombe ina viazi na, katika msimu, parachichi. Sahani ya viazi na maharage au ndizi mbili na karanga humweka mtu macho muda mrefu kuliko sukari ya chupa inayopanda na kushuka.

Ukiamua kununua enaji hata hivyo, na wengi watanunua, soma lebo kabla ya kulipa. Tafuta miligramu za kafeini kwa kila mililita 100, zidisha kwa ukubwa wa chupa ugawe kwa mia. Tafuta sukari kwa njia hiyo hiyo. Angalia jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha muda na alama ya ubora ya TBS, shirika ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kuondolewa TFDA. Chupa isiyosema kiasi cha kafeini iache kwenye rafu. Huwezi kulinganisha bei ya kitu usichojua uzito wake. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya kinywaji kinachozidi miligramu 150 kwa lita lazima kiandikwe onyo kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, na Poland ikafuata 2024. Mwenye duka la jirani na shule ya sekondari Makambako hahitaji kusubiri sheria kama hiyo ili akatae kumuuzia mtoto wa kidato cha kwanza.

Na kwa aliyekwisha kuzoea, asiache ghafla wiki ya UE. Anayekatiza kafeini ya kila siku huanza kuumwa kichwa baada ya saa 12 hadi 24, anakuwa mzito na mwenye hasira, na hali hiyo inaweza kuendelea siku mbili hadi tisa. Apunguze mapema, wiki tatu kabla ya mitihani: chupa ya pili ya siku aibadili kuwa kikombe cha chai, baada ya siku nne au tano aipunguze ya kwanza hadi nusu, kisha chai ichukue nafasi yote, na ya mwisho ya siku asiinywe baada ya saa 8 mchana.